Kibebeo cha Kitafuta Samaki kwa Uvuvi wa Barafuni: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mvuvi anayekiondoa kitafuta samaki chake mashuani na kukijengea kibebeo cha kutumia juu ya ziwa lililoganda hana kazi kubwa mbele yake. Anahitaji sanduku au ndoo imara, betri ya volti 12 iliyotulia chini, skrini iliyofungwa juu, na namna ya kuishikilia transdusa, yaani kile kichwa kinachozamishwa majini kutoa mawimbi ya sauti na kuupokea mwangwi wake. Kwa jioni mbili kibebeo huwa kimekamilika, na kikijaribiwa mezani hufanya kazi bila kasoro. Matatizo huanza siku ya kwanza barafuni, ambako baridi, maji, mtikisiko wa safari na mwinamo mdogo usioonekana kwa macho hukipima kila kiungo kwa wakati mmoja.

Nimeona vitafuta samaki vizima vikilaumiwa na hata kuuzwa kwa hasara, ilhali ubovu wote ulikuwa kwenye kibebeo: kifungo cha waya kilicholegea, betri iliyopoa kupita kiasi, au transdusa iliyoegama upande. Ndiyo maana namwomba msomaji asianze kubadilisha mipangilio ya kifaa kabla hajakikagua kile alichokitengeneza kwa mikono yake. Ukaguzi ufuate njia ya umeme kutoka betri hadi skrini, kisha njia ya sauti kutoka transdusa hadi sakafu ya ziwa, na kila mara lirekebishwe jambo moja tu kabla ya kujaribu tena. Anayerekebisha mambo matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililomponya, na tatizo likirudi atakuwa pale pale alipoanzia. Vifaa vya kubeba ni vichache: mita ndogo ya umeme, bisibisi, fyuzi za akiba, na kamba yenye uzito mwishoni ambayo imewekwa alama kila mita.

Skrini haiwaki, au huwaka na kuzimika kibebeo kinaposogezwa

Skrini ambayo haiwaki kabisa humpeleka mkaguzi moja kwa moja kwenye betri. Pima volti kwenye ncha za betri yenyewe, wala si mwishoni mwa waya. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika kwa saa chache huonyesha karibu volti 12.7 au 12.8, ikionyesha 12.0 au pungufu, imekwisha au inakaribia kwisha. Ikiwa betri ni nzima, pima tena upande wa pili wa fyuzi, halafu kwenye plagi inayoingia nyuma ya skrini. Pale ambapo volti zinapotea ndipo ubovu ulipo, na hakuna haja ya kukisia.

Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kabla ya kujua kilichoiunguza. Vitafuta samaki vingi vidogo hutaka fyuzi ya ampea 1 hadi 3, kama kitabu cha kifaa kinavyoeleza, na fyuzi hiyo inapaswa kukaa kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, ili sehemu yote ya waya inayofuata iwe chini ya ulinzi wake. Katika vibebeo vya nyumbani, chanzo cha kawaida cha kuungua kwake ni waya uliopita kwenye tundu la sanduku lenye kingo kali, ukasuguliwa safari nzima hadi shaba ikajitokeza. Tundu hilo livalishwe pete ya mpira, na waya ufungwe usicheze.

Ile skrini inayowaka ikitulia na kuzimika ikisogezwa ina kisa kingine, na hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndicho kinachowapotezea watu siku nyingi. Mwaka wangu wa kwanza na kibebeo cha ndoo, skrini ilizimika kila niliposogea kwenda tundu jingine. Nilidhani ni swichi, nikaibadilisha. Nikadhani ni baridi, nikakifunika kifaa kwa blanketi. Jioni, nikiwa nimeinama juu ya ndoo, niliuvuta waya mwekundu taratibu kwa vidole viwili, nao ukatoka kwenye kifungo chake kama jino la mtoto. Kifungo kilikuwa kimebanwa kwa koleo ya kawaida, kikashika plastiki ya waya na nyuzi mbili tatu tu za shaba. Mezani nyuzi hizo zilitosha. Kwenye mtikisiko wa barafu hazikutosha.

Kwa hiyo kila kifungo kivutwe kwa mkono kabla ya safari, kwa nguvu ambayo isingeweza kuudhuru waya uliofungwa vizuri. Vifungo vya kubana vibanwe kwa koleo yake maalumu, na vile vya kuchomeka kwenye betri vikilegea vifinywe kidogo au vibadilishwe. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye ncha za betri, zisugue hadi ziwe na rangi ya chuma kisafi, uunganishe, halafu upake grisi nyembamba juu ya kiungo ili unyevu usiingie. Chagua pia waya wenye nyuzi nyingi nyembamba badala ya waya wa uzi mmoja, na ikiwezekana wenye ganda la silikoni, kwa sababu ganda la kawaida la plastiki ya PVC hukakamaa kwenye baridi kali na kila linapokunjwa hukivuta kiungo.

Betri inakwisha kabla ya siku kwisha

Hesabu inayofanywa na wengi ni hii: betri ina ampea-saa 7, kifaa kinakula nusu ampea, basi nitavua saa 14. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi na kwenye chumba chenye joto. Betri ya asidi iliyopoa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri huweza kubakiwa na karibu nusu tu ya uwezo wake, kwa kuwa kemia yake hupungua kasi. Isitoshe, betri ya aina hiyo huchakaa haraka ikizoeshwa kukamuliwa hadi mwisho, na desturi nzuri ni kutumia nusu ya kilichomo. Saa 14 zimekuwa 7, na 7 zimekuwa 3 na nusu. Mvuvi anayeona betri yake imeishiwa mchana hana betri mbovu. Ana hesabu iliyosahau baridi.

Marekebisho yako ya namna tatu, na binafsi huyafanya yote. La kwanza ni kupunguza matumizi: punguza mwangaza wa skrini, kwa sababu taa yake ndiyo hula sehemu kubwa ya umeme, kisha pima ampea halisi kwa kuipitisha mita kwenye waya chanya, ili hesabu yako itokane na kifaa chako. La pili ni kuihifadhi betri isipoe: iweke katika chumba chake ndani ya sanduku, ukizungushie povu gumu lenye unene wa sentimita 2 au zaidi, na iingie ikiwa na joto la nyumbani. Betri ni nzito na hupoa polepole, hivyo povu hilo hununua saa nyingi. Wapo wanaotia ndani vile vifuko vya kupashia mikono joto. Vifuko hivyo hupata joto kutokana na unga wa chuma unaopata kutu kwa hewa, na katika sanduku lililozibwa hewa ikiisha navyo hupoa. Wanaolalamika kwamba vifuko ni vibovu wafungue kifuniko kidogo waone vinavyofufuka.

La tatu ni kuhamia betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo kwa uwezo ule ule huwa na uzito wa karibu nusu au pungufu, na huweza kutumiwa karibu hadi mwisho bila kuumia upesi. Lakini ina tabia zake, na asiyezijua huziona kuwa ubovu. Volti zake hukaa karibu na 13 kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla, hivyo namba ya volti kwenye skrini haimwambii mvuvi kiasi kilichobaki. Tena ina bodi ya ulinzi ndani yake inayokata umeme ikikamuliwa kupita kiasi. Baada ya hapo mita huweza kuonyesha sifuri kana kwamba betri imekufa, ilhali ikiunganishwa na chaja yake huamka. Jambo la hatari ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kufanya hivyo huifanya lithiamu ijitande kama metali ndani ya seli, na madhara hayo hayarudishwi. Betri iliyotoka barafuni ikae ndani kwa saa kadhaa hadi kiini chake kipate joto, ndipo ichajiwe.

Kuna dalili moja ya betri ya asidi ambayo haipaswi kupuuzwa: kuvimba au kupasuka kwa ganda. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya kawaida, kwani asidi yake ni nzito, lakini iliyokamuliwa kabisa hubakiwa na kioevu kinachokaribia maji na huweza kuganda na kulipasua ganda. Usiiache betri tupu usiku kucha kwenye sanduku nje. Na ikiwa unaichajia ndani ya kibebeo, acha kifuniko wazi, kwa maana betri ya asidi huweza kutoa hidrojeni inapochajiwa, na gesi hiyo haitakiwi kufungiwa mahali penye swichi inayoweza kutoa cheche.

Skrini inawaka lakini sakafu ya ziwa haionekani

Hapa njia ya umeme imekwisha na njia ya sauti imeanza. Swali la kwanza ni kama transdusa inatoa sauti. Iweke karibu na sikio mahali patulivu: transdusa nyingi husikika zikigonga tik-tik-tik hafifu, ingawa mawimbi yenyewe ya kilohezi 200 yako mbali juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Usipoisikia, ichomoe plagi yake, ikague kama kuna pini iliyopinda au tone la maji lililoganda, kisha uirudishe hadi ikae kabisa. Baadhi ya vifaa visipoitambua transdusa huingia vyenyewe kwenye hali ya maonyesho, na skrini hujaa samaki wazuri wanaopita kwa mpangilio. Mvuvi anayeona samaki kabla hajaichovya transdusa majini ajue anatazama picha za maonyesho.

Jaribio la ndoo ya maji nyumbani lina mipaka yake. Kifaa cha kawaida hakiwezi kuutenganisha mwangwi wa sakafu iliyo karibu sana na transdusa, hivyo ndani ya ndoo namba ya kina huruka ovyo au haionekani. Hiyo si hitilafu. Ndoo inathibitisha tu kwamba kifaa kinawaka na kinatambua kuwa kiko majini.

Ikiwa sauti inatoka na sakafu bado haionekani, tazama ndani ya tundu. Keekee ya barafu huacha rojo la vipande na maji, na rojo hilo limejaa viputo vya hewa, ambavyo kwa mawimbi ya sauti ni ukuta. Lichote lote, subiri dakika moja viputo vipande juu, ndipo utumbukize transdusa. Kisha ichunguze transdusa yenyewe: mara nyingi kiputo kimoja, kidogo kama punje ya mtama, hujibandika katikati ya uso wake na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kipanguse kwa kidole majini. Uso huo ukisafishwa kwa maji yenye sabuni kidogo kabla ya safari, maji huenea juu yake vizuri na viputo havishiki kwa urahisi. Utando wa barafu unaojijenga juu yake wakati wa kuhama kutoka tundu moja hadi jingine una athari ile ile. Uuyeyushe kwa kuizamisha majini kwa muda, usiukwangue kwa kisu.

Chanzo kingine ni kina cha kuzamisha. Tuseme barafu ina unene wa sentimita 50, tundu lina kipenyo cha sentimita 20, na transdusa inaelea juu kabisa ya maji ya tundu. Koni ya sauti, yaani umbo la mawimbi yanavyotanuka kutoka kwenye transdusa, ikiwa na pembe ya nyuzi 20 na kufika mwisho wa tundu, imetanuka karibu sentimita 9 kila upande, bila kuhesabu upana wa transdusa yenyewe, kwa hiyo inapenya kwa shida na ikisogea kidogo pembeni inagonga ukuta. Koni ya nyuzi 60 ingetaka karibu sentimita 29 kila upande, na haiwezi kabisa kupita. Skrini hapo huonyesha mchafuko mzito juu na sakafu dhaifu, au isionyeshe sakafu. Marekebisho ni kuishusha transdusa hadi uso wake uwe sentimita chache chini ya ukingo wa chini wa barafu. Mkono wa kibebeo, yaani kile kishikio cha transdusa, unaofaa barafu ya mwanzo wa msimu hautatosha mwishoni mwake, na kwa sababu hiyo ni vyema uwe na matundu ya kurefushia au kamba ya kuongezea.

Wapo pia wanaopiga sauti kupitia barafu bila kutoboa, na hilo linawezekana barafu ikiwa safi na ngumu: theluji hufagiliwa, maji humwagwa kidogo, na transdusa hukandamizwa juu ya maji hayo. Barafu nyeupe yenye viputo hairuhusu. Asiyeona kitu kwa njia hiyo atoboe tundu kabla ya kukilaumu kifaa.

Sakafu inaonekana lakini chambo hakionekani

Dalili hii ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, kwa sababu kazi ya kitafuta samaki barafuni ni kumwonyesha mvuvi chambo chake na samaki anayekikaribia. Mashuani mwinamo mdogo wa transdusa hausumbui. Barafuni chambo kimening'inia wima chini ya tundu moja dogo, na koni ikiangalia pembeni, chambo kiko gizani.

Tufanye hesabu kidogo. Koni ya nyuzi 20 kwenye kina cha mita 10 hufunika duara lenye kipenyo cha takriban mita 3.5. Transdusa ikiinama nyuzi 10, kitovu cha duara husogea karibu mita 1.76, na chambo hubaki ukingoni kabisa. Kwa koni nyembamba ya nyuzi 9 hali ni ngumu zaidi: duara lake kwenye kina hicho lina kipenyo cha mita 1.6 hivi, na mwinamo wa nyuzi 5 tu, ambao jicho haliutambui, hukitoa chambo nje. Ndiyo sababu mvuvi huona chambo kikishuka mita chache za mwanzo, kisha kikafifia na kupotea jinsi kinavyozidi kwenda chini, au kikaonekana na kupotea kwa zamu kadiri transdusa inavyobembea. Ishara ya pili ya mwinamo ni sakafu inayoonekana nene na yenye ukungu hata mahali unapojua pana mchanga mgumu, ingawa mteremko wa ziwa nao huleta sura hiyo. Hamia tundu jingine mita kadhaa mbali na ulinganishe.

Katika vibebeo vya nyumbani mwinamo hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuining'iniza kwa kebo transdusa iliyotengenezwa kwa ajili ya nyuma ya mashua. Kebo ya transdusa hiyo hutokea upande mmoja, si katikati, hivyo ikining'inia uso wake haulali sawa. Tengeneza kipande kidogo cha alumini au plastiki kinachoishika kwenye mabano yake, na sehemu ya kuning'inizia iwe juu ya kitovu cha uzito wake. Ili kukipata kitovu hicho, ifunge uzi na uining'inize nyumbani huku umeweka kipimamaji kidogo mgongoni mwake. Sogeza fundo la uzi milimita kwa milimita hadi kiputo kisimame katikati, halafu uweke alama mahali hapo na kutoboa. Mimi hurudia kipimo hicho ndani ya beseni la maji, kwa kuwa transdusa ikiwa majini uzito wake hugawanyika tofauti kidogo na ilivyokuwa hewani.

Njia ya pili ni mkono mgumu uliofungwa kwenye sanduku. Sanduku likikaa juu ya theluji isiyo sawa, au upande mmoja ukizama kwa joto la miguu na maji, mkono huinama pamoja nalo. Mkono unaoning'inia kwenye pini moja hujinyoosha wenyewe, lakini kwa upande mmoja tu. Pini mbili zilizopishana kwa pembe mraba hujinyoosha pande zote. Njia rahisi zaidi, ninayoipendelea, ni boya la povu: duara la povu gumu lenye kipenyo pungufu kidogo ya kile cha tundu, lenye mpasuo hadi katikati wa kupitishia kebo, na kizuizi cha mpira juu yake cha kurekebishia urefu. Boya halijali sanduku limekaaje. Kasoro yake ni kwamba kebo iliyokazwa hulivuta pembeni, kwa hiyo iachiwe ulegevu wa nusu mita, na iwe kebo isiyojikunja kwa kumbukumbu ya mviringo wake. Ikijikunja, ilaze mahali penye joto usiku mmoja ikiwa imenyooshwa.

Ikiwa transdusa imenyooka na chambo bado hakionekani, ongeza unyeti wa kifaa hatua kwa hatua hadi vidoa vya uchafu vianze kuonekana, kisha urudi nyuma kidogo. Zima pia alama za picha za samaki, kwani kifaa kinachotafsiri mwangwi kuwa picha huweza kukifuta chambo kikidhani ni takataka. Chambo kidogo chenye umbo jembamba hurudisha mwangwi mdogo. Kwa majaribio tumia uzito wa chuma wenye ukubwa wa kidole gumba.

Skrini imejaa mistari na vidoa

Mistari iliyoinama au vidoa vinavyojirudia kwa mpangilio kwa kawaida vinatoka nje ya maji yako. Chomoa kila kitu kingine kilichounganishwa kwenye betri, hasa chaja ya simu inayoshusha volti, ambayo hutoa kelele nyingi za umeme. Vidoa vikipotea, chaja hiyo ipewe betri yake yenyewe. Visipopotea, tazama kama jirani anatumia kifaa cha masafa yale yale, na mwombe akizime kwa dakika moja. Ikiwa ndicho chanzo, washeni kipengele cha kupunguza mwingiliano kwenye vifaa vyote viwili au mmoja asogee.

Kikibaki chanzo cha ndani, karibu kila mara ni kebo ya transdusa iliyofungwa pamoja na waya wa umeme kwa urefu mzima wa sanduku. Zitenganishe, moja kila upande, na kama zinalazimika kupishana zipishane kwa pembe mraba. Pete ya feraiti, yaani kauri yenye chuma inayozuia kelele za umeme, kwenye waya wa umeme karibu na skrini husaidia. Kebo iliyozidi isikatwe. Ina waya wa kinga unaozunguka nyaya za ndani, na kiungo kilichofanywa kwa mkono huivunja kinga hiyo. Ikunje kwa mzunguko mpana katika pembe yake ya sanduku, na uhakikishe kifuniko hakiibani.

Skrini nzito, ukungu, na sanduku lenyewe

Picha inayoacha vivuli na kubadilika polepole ni tabia ya fuwele kioevu zinazounda picha ya skrini zikiwa kwenye baridi, na skrini ikipashwa joto hurudi katika hali yake. Ikingwe kwa povu nyuma na pembeni, na iwashwe kabla ya kutoka penye joto. Ukungu ndani ya kioo ni jambo jingine: hutokea kifaa baridi kinapoingizwa ghafla mahali penye joto na unyevu, iwe ni hema lenye jiko au nyumba. Lifunge sanduku kabla ya kuingia, liache lipate joto likiwa limefungwa, kisha ulifungue na kuliacha wazi likauke.

Kuhusu kupasuka, chanzo ni plastiki iliyochaguliwa. Ndoo za poliethilini nzito hubaki ngumu bila kuvunjika hata kwenye baridi kali, ilhali aina nyingi za polipropilini na mabomba ya PVC huvunjika kama kioo yakigongwa. Tumia bolti zenye washa pana badala ya skrubu, toboa matundu yakiwa laini bila kona, na usitegemee gundi ya moto, kwani hubanduka. Vifungo vya kunasia vya kitambaa hujaa theluji na kuacha kushika; mkanda wenye bizimu ni bora zaidi.

Sanduku linalopinduka lina betri upande ule ule wa mkono. Betri ya asidi ya ampea-saa 7 ina uzito wa zaidi ya kilo 2, na ndiyo nanga yako: iwekwe chini kabisa, upande wa pili wa mkono, na ifungwe isiteleze. Na sanduku likiganda kwenye barafu, lisigongwe kwa nyundo wala teke, kwa maana pigo hilo huishia kwenye skrini. Lizungushe taratibu kutoka kona moja hadi liachie, na kabla ya safari inayofuata lipigie chini mabapa mawili ya ubao au poliethilini, ili maji yanayofurika kutoka kwenye tundu yapite chini yake bila kulishika.